Chombo cha Safari na Chombo cha Makazi

Hotuba hii niliitoa mbele ya mkusanyiko wa wapenda bustani. Wengi hawakuweza kufika, wakaomba niiweke nzima kama nilivyoisema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Hata waliokuwepo hawakuziona vizuri, jua lilikuwa linapiga pale pale.

Wazee wetu, mama zangu, ndugu zangu, na ninyi vijana mlioketi sakafuni kwa kuwa viti vimekwisha: habari za asubuhi. Mwenyekiti amenipa dakika thelathini, kisha akaninong'oneza kwamba ananijua. Nitajitahidi.

Tuanze na kazi ndogo. Mkono wangu wa kulia nimeshika kikopo cha nyuzi. Ni cha nyuzi za mimea zilizogandamizwa, kina rangi ya udongo, kinanukia kama msitu baada ya mvua, na pembeni kimechorwa jani la kijani. Mkono wa kushoto nimeshika kopo jeusi la plastiki. Ukingo wake umepasuka hapa, nimeushona kwa waya, na ndani lina utando mweupe wa chumvi za maji ya miaka mingi. Sasa nawauliza: kati ya hivi viwili, rafiki wa mazingira ni kipi?

Naona mikono. Karibu yote inaelekea kulia. Mama mmoja tu, mstari wa pili, ameelekeza kushoto, na jirani yake anamtazama kama mtu aliyepanda basi lisilo lake.

Mama, usiushushe mkono huo.

Kikopo hiki kizuri kilifika kwangu kikiwa na wenzake watatu ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya boksi. Kitaotesha mche mmoja, mara moja, basi. Kopo hili baya linaotesha miche yangu tangu mwaka 2003, na msimu huu limo kazini tena. Halikuzaliwa jema. Limefanywa jema na kazi.

Msinielewe vibaya. Sikuja kuitetea plastiki. Nimekuja kuwaomba tuache kwanza swali tulilolizoea, lile la "kimetengenezwa kwa nini?", tuulize jingine: je, mmea wangu unapita humu, au unahamia humu?

Kwa sababu kuna chombo cha safari na kuna chombo cha makazi. Cha safari kinaubeba mche wiki nne, sita, nane, kutoka kwenye mbegu mpaka ardhini. Cha makazi ndiyo nyumba yake, miaka mitatu, miaka kumi. Chombo cha safari kinatakiwa kife upesi au kirudi kazini upesi. Chombo cha makazi kinatakiwa kikatae kufa. Na sisi tumefanya nini? Tumevipishanisha! Kwa safari ya wiki sita tunatumia plastiki itakayotuzika sisi na kuwazika wajukuu wetu. Kwa makazi ya miaka kumi tunanunua kisanduku cha mbao laini kinachobomoka msimu wa pili, udongo wote ukamwagika barazani.

Watu wa kale walilielewa hili. Takriban miaka 3,500 iliyopita Malkia Hatshepsut wa Misri alituma merikebu zake mpaka nchi iliyoitwa Punt. Safari hiyo imechongwa kwenye kuta za hekalu lake la Deir el-Bahari, na mpaka leo unaweza kuona watu wamebeba miti hai ya uvumba, mizizi yake imo ndani ya vikapu. Vikapu, ndugu zangu! Miti ilivuka bahari ndani ya vikapu. Kikapu kinapitisha hewa, hakituamishi maji, ni chepesi mabegani, na kazi ikiisha hakimsumbui mtu. Hicho ndicho chombo cha safari.

Sasa niwaambie nilivyoaibika.

Mwaka wa kwanza nilipovipenda vikopo hivi vya nyuzi nilinunua vya miche hamsini. Maelekezo yalisema: panda pamoja na kikopo, kitaoza chenyewe. Nikapanda. Nikaacha ukingo umechomoza juu ya udongo kiasi cha upana wa kidole, kwa sababu, niseme kweli, ulipendeza. Mistari yote imenyooka, kila mche na kola yake shingoni. Jioni nikamwagilia. Asubuhi udongo wa nje umelowa, wa ndani ya kikopo umekauka kama majivu. Nikasema ni jua. Nikaongeza maji. Siku ya nne nikapiga magoti nikaushika ule ukingo kwa vidole viwili. Juu ulikuwa mkavu kabisa, chini kidogo tu una unyevu. Nikaelewa hapo hapo. Ulikuwa utambi! Kama utambi wa kibatari unavyopandisha mafuta, ule ukingo ulikuwa unayavuta maji kutoka kwenye mizizi na kuyatoa hewani, mchana kutwa. Miche karibu nusu ikafa, na muuaji ni ile kola niliyoiona nzuri.

Hiyo iliyopona niliing'oa mwisho wa msimu. Vikopo vilikuwa bado vizima. Mizizi imejizungusha ndani kama uzi kwenye kibiringo, haijathubutu kutoka nje.

Kwa hiyo mkivitumia, vilowesheni kabisa kabla ya kupanda, raruni ukingo wote mpaka usawa wa udongo, pasueni kitako, kisha fukieni chote. Na kabla hamjanunua, ulizeni nyuzi hizo ni za nini. Kama ni makumbi ya nazi, ni mabaki ambayo pengine yangetupwa au kuchomwa. Kama ni piti, ule udongo mweusi wa mimea iliyolala kwenye mabwawa ya baridi kwa maelfu ya miaka, mimi naviacha dukani. Ardhi za piti zinafunika asilimia 3 hivi ya nchi kavu ya dunia, lakini zimehifadhi kaboni nyingi kuliko misitu yote ikijumlishwa. Ukizikausha na kuzichimba, kaboni hiyo inapanda angani. Na piti inajengeka kwa kasi ya takriban milimita 1 kwa mwaka. Kikopo hiki kina kimo cha sentimita 8. Piti ya kina hicho ni kazi ya bwawa ya miaka 80, nasi tunaitumia wiki sita.

Basi chombo cha safari kiwe nini? Nina gazeti hapa, la juzi, mwenyekiti alikuwa ameshalisoma. Tazameni. Nachana ukanda wenye upana wa kiganja na kidole kimoja zaidi. Nauviringisha kwenye chupa, mara tatu, si mara mbili, kwa sababu mara mbili utachanika ukiunyanyua umelowa. Kilichozidi chini nakikunja kuelekea katikati, kama unavyofunga zawadi, kisha nakikandamiza mezani kwa kitako cha chupa. Navuta chupa. Hiki hapa kikopo. Sina gundi, sina uzi. Karatasi zile zinazong'aa za matangazo achaneni nazo, hazinyonyi maji wala haziozi upesi. Na vikopo hivi vipangeni vimebanana kwenye trei, kimoja kikisimama peke yake kinajimwaga.

Vile viini vya karatasi vya msalani navyo ni vizuri, hasa kwa jamii ya mikunde ambayo mzizi wake hushuka moja kwa moja na hautaki kuguswa. Na kuna njia inayonifurahisha kuliko zote, ya kutotumia chombo kabisa. Unachanganya mboji iliyochekechwa na udongo, unalowesha mpaka ukiminya ngumi matone yanatoka, unagandamiza kwa kikandamizio cha chuma, unapata tofali dogo la udongo. Mbegu inakaa juu. Mizizi ikifika ukingoni na kukuta hewa tupu, ncha zake zinakauka, mzizi unatoa matawi kwa ndani badala ya kuzunguka. Mche wa namna hiyo ukiupanda unashika ardhi siku chache tu.

Na viriba, ile mifuko ya plastiki ya kuoteshea miche? Najua mnavitumia, nami nimevitumia miaka. Ni vyepesi, vinabebeka kwa mamia. Lakini chimbeni shamba lolote lililopandwa miche ya viriba, mtakutana na vipande. Mbaya zaidi, kuna wanaopanda na kiriba chake, eti mizizi itatafuta njia. Mwaka mmoja niliitwa kuutazama mti uliodumaa, majani ya njano, miaka mitano ukiwa na kimo cha kiuno. Tulipochimba, kiriba kilikuwa kimeukaba kama soksi. Anayetumia viriba avichane taratibu kwa wembe upande mmoja, akusanye, ahesabu. Umepanda miche mia, urudi nyumbani na viriba mia.

Sasa jambo la maneno. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya kwanza kinajipaka rangi ya kijani, ndipo kinaanza kutembea. Neno "kinaoza" peke yake halijasema kitu. Kinaoza wapi? Kwa joto gani? Baada ya muda gani? Kuna makopo ya plastiki ya wanga wa mimea, iitwayo PLA. Ni kweli inaoza, kwenye mitambo ya mboji ambako joto linashikiliwa kwenye nyuzi 60 hivi. Ulaya wana kiwango kiitwacho EN 13432, kinachodai asilimia 90 ya kitu iwe imevunjwavunjwa na vijidudu ndani ya miezi 6. Lakini ni katika mazingira ya mitambo hiyo, si kwenye lundo lako nyuma ya nyumba. Mimi nilitupia kopo la namna hiyo kwenye lundo langu, nikalisahau. Baada ya miaka miwili uma ukaligonga. Lilikuwa zima, na maandishi yake ya "naoza" yanasomeka. Nikaliosha, nikalipandia. Linafanya kazi vizuri sana.

Ndugu zangu, twende kwenye makazi.

Hapa mfinyanzi ndiye mwalimu wangu. Chungu cha udongo usiopakwa rangi kinapumua. Maji yanapenya ukutani, yanakauka kwa nje, na yakikauka yanapoza. Kopo jeusi likiachwa juani, udongo ulioegemea ukuta wake unaweza kupita nyuzi 40, na mizizi ya upande huo inaungua huku wewe juu unaona majani tu yamelegea. Ila chungu nacho kina deni lake. Kimechomwa tanuruni kwa joto linalokaribia nyuzi 1,000, saa nyingi, kuni au gesi ikiteketea. Chungu kikidumu miaka thelathini, moto ule umelipwa. Kikivunjika mwaka wa kwanza, umechoma kuni bure.

Kwa hiyo kichagueni kwa masikio. Mfinyanzi mmoja mzee alinifundisha: kininginize kwa kidole kimoja kupitia tundu lake, kigonge kwa kifundo cha kidole. Kikilia kama kengele, kimeiva na hakina ufa. Kikitoa sauti butu, kirudishe taratibu, na usimwambie mwenye duka kwamba nimekutuma. Ukifika nacho nyumbani kizamishe kwenye maji mpaka kiache kutoa mapovu. Chungu kikavu kina kiu, na kitakunywa maji ya mmea wako wiki nzima ya kwanza.

Na kokoto chini? Nani hapa anaweka kokoto chini ya chungu ili maji yatoke vizuri? Mikono tena. Eh! Ni wengi. Nami nilifanya hivyo miaka, nilifundishwa na mama yangu, na mama yangu hakosei mara nyingi. Lakini maji hayashuki kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye mawe mpaka ule udongo wa juu yake ushibe kabisa. Tope la chini linabaki vile vile, ila sasa umelipandisha likaribie mizizi. Kigae kimoja juu ya tundu, udongo usitoroke, kinatosha. Mengine ni mzigo.

Vyungu vya saruji nitavipita haraka. Vinadumu, lakini utengenezaji wa saruji unatoa takriban asilimia 8 ya kaboni dayoksaidi yote tunayoitoa duniani. Ukikikuta cha zamani, kichukue. Cha kufyatua kipya sina haja nacho.

Mbao, hapo tutulie kidogo. Kijana mmoja aliniletea sanduku alilolipiga mwenyewe kwa mbao za paleti, yale majukwaa ya kubebea mizigo. Kazi safi, pembe zimekutana sawasawa. Nikaligeuza kutafuta mhuri. Paleti zinazovuka mipaka ya nchi hupigwa mhuri, na ndani yake mna herufi. HT maana yake mbao zimetibiwa kwa joto. MB maana yake zimefukizwa kwa methili bromaidi, gesi ya sumu ambayo pia inaharibu tabaka la ozoni, ndiyo maana imo kwenye orodha ya Mkataba wa Montreal. La yule kijana lilikuwa na HT kwenye ubao mmoja, na kwenye ubao wa pili MB. Alikuwa amechanganya paleti mbili bila kujua. Tukaukata ule ubao tukaweka mwingine, akaondoka amenuna kidogo. Mhuri ni mdogo, una vumbi, lakini usome.

Mataruma ya reli ya zamani yaliyolowa kreosoti, ile dawa nyeusi ya kuhifadhia mbao, hapana. Mbao za zamani zenye rangi ya kijani kijani zinaweza kuwa zimetibiwa kwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Marekani waliacha kuzitibu hivyo kwa matumizi ya majumbani mwisho wa mwaka 2003, lakini mbao zenyewe bado zinazunguka. Tairi? Lina zinki na kemikali nyingine zinazochujika polepole. Maua sawa, mboga sitii. Magunia ya plastiki yaliyofumwa ni mazuri msimu mmoja. Baada ya hapo jua linayala, ukiligusa linabaki mkononi nyuzi nyuzi, na nyuzi hizo ndizo zimeshuka kwenye udongo unaoulia. Liondoe likiwa bado linanyanyulika.

Nirudi kwa huyu mzee wangu mweusi, mama wa mstari wa pili asije akadhani nimemsahau.

Makopo mengi ya miche ni ya plastiki iitwayo polipropilini, yana namba 5 chini, ndani ya pembetatu. Kwa maandishi yanarejelezeka. Lakini mashine nyingi za kuchambua taka zinatumia mwanga usioonekana kwa macho kutambua plastiki, na masizi yanayoipa plastiki rangi nyeusi yanaumeza mwanga huo. Mashine haioni kitu. Kopo linapita mbele yake kama mzuka na kuishia jaani. Kwa hiyo kulitupa kwenye pipa la kurejeleza na kujisikia vizuri ni nusu ya kazi, pengine hata nusu haifiki.

Mimi nayaosha. Natoa udongo wote kwa brashi, kisha naloweka dakika kumi kwenye maji sehemu tisa na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, yaani jiki, sehemu moja, nasuuza, naanika. Magonjwa ya kitalu hukaa kwenye ule utando, siyo kwenye plastiki yenyewe. Yakikauka nayaweka kivulini, kwa sababu kinachoua plastiki ni jua. Kopo tupu likisahauliwa juani miaka miwili litakuvunjikia mkononi kama ganda la yai. Na ndoo, beseni, dumu lililotoboka, vyote karibuni, mradi havikubeba dawa ya wadudu wala rangi. Toboeni matundu kwa keekee. Ile ya msumari uliopashwa moto acheni, moshi wake mnauvuta wenyewe.

Jirani yangu anauza miche. Alichoka kununua makopo, akaandika kwenye ubao: rudisha makopo manne, chukua mche mmoja. Wiki za mwanzo hakuja mtu. Kisha alikuja mwanamke na gunia zima, alikuwa na miaka sita ya makopo nyuma ya banda la kuku. Kumbe kila nyumba ina makopo hayo, watu walikuwa wanaona aibu kuyatupa na hawajui pa kuyapeleka. Sasa jirani analalamika kwamba hana pa kuyaweka. Ndiyo shida ninayowaombea.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Neno la mwisho ni tangazo tu. Miche ile mlangoni, ipo sitini, ni yenu, kila mtu mmoja. Imo kwenye makopo meusi kama hili. Mche ni wako, kopo ni langu. Chini ya kila kopo nimeandika namba kwa rangi nyeupe, na yule binti mwenye daftari anaandika nani amechukua lipi. Mkutano ujao nitasimama pale pale mlangoni.

Haya, maswali. Mzee pale nyuma, nimeuona mkono wako tangu nilipozitaja kokoto.